Shairi Lisilo na Mwenyewe

"Mwalimu, nakuuliza tena. Shairi hili ni la nani?"

"Mwandiko ni wangu."

"Sikukuuliza mwandiko."

Mwalimu Jelle aliangalia viatu vyake. Vilikuwa havina kamba, kama viatu vya kila mahabusu, na ndimi zake zilikuwa zimelala nje. Siku kumi na tatu katika seli ya Garissa zilikuwa zimemkondesha mashavu, lakini hazikuwa zimemfungua mdomo.

Inspekta Shuaib alisogeza daftari katikati ya meza. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, la kurasa arobaini na nane, na ukurasa mmoja tu ndio uliokuwa umeandikwa.

"Kesho asubuhi siku kumi na nne zinaisha," alisema. "Afande atakufikisha mahakamani kwa mauaji ya Nuh, mlinzi wa kisima cha Warsan. Mauaji hayana dhamana. Utapelekwa rumande mbali na hapa, na kesi inaweza kukaa miaka miwili kabla ya kusikilizwa. Unaelewa?"

"Ninaelewa."

"Siku moja kabla ya moto kumuunguza ndani ya kibanda cha injini ya kisima, uligombana na Nuh mbele ya watu."

"Aliwafungia maji ngamia wa mjomba wangu. Ndiyo, tuligombana. Kisha nikarudi mjini, nikalala."

"Hakuna aliyekuona ukilala."

"Mtu ambaye hajaoa, nani atamwona akilala?"

Shuaib alipumua kwa nguvu. "Kama shairi si lako, nipe jina la mwenye nalo."

"Nikikupa jina, utaacha kunisoma mimi, utaanza kumsoma yeye," Jelle alisema polepole, kama anayewaandikia wanafunzi imla. "Na unasoma vibaya, Inspekta. Samahani kwa kusema hivyo."

Shuaib alimwita askari wa zamu amrudishe seli.

*

Mkuu wa upelelezi, ambaye kituo kizima kilimwita Afande tu, alikuwa amelifungua faili kwenye meza yake. Alitoka bara, na katika miezi minane tangu ahamishiwe Garissa hakuwa ameacha kulalamika kuhusu joto. Nakala ya shairi ilikuwa imepigwa mistari ya kalamu nyekundu.

"Ametoa jina?"

"Hapana, Afande."

"Hawezi kutoa, kwa sababu hakuna jina jingine. Sikiliza." Alivaa miwani. "Mstari wa tano na wa sita. 'Nilichukua kaa jekundu, likaniuma vidole, nikalitia tumboni mwake, nikafunika mdomo.' Tumbo la nani? La injini. Mdomo? Mdomo wa tangi. Mstari wa tisa. 'Wewe uliyelala mlangoni mwa maji.' Huyo ni Nuh, alikuwa amelala mle ndani ya kibanda cha injini. Na wa mwisho huu, 'chombo kitupu na moto mkononi.' Hilo ni debe la petroli, limekwisha kumwagwa. Unataka nini zaidi? Picha?"

"Na namba zilizo pembeni, Afande?"

"Nilikwambia. Lita."

Kando ya shairi, kwa penseli, palikuwa na namba nne: 4, 8, 12, 16. Kwa sababu ya namba hizo Shuaib alikuwa amepoteza siku mbili nzima. Alizunguka vituo vyote vya petroli vya mji akiuliza ni nani aliyenunua mafuta lita nne nne. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba nusu ya Garissa hununua mafuta lita nne nne.

"Aliliita la shule siku ya kwanza," Shuaib alisema.

"Kila mtu mwenye karatasi husema ni ya shule. Soma maelezo ya yule mzee wenu."

Shuaib aliyajua kwa moyo. Mzee Sugow, anayekaa na chifu kwenye baraza, alikuwa ameandikisha hivi: *Kwetu shairi hutembea na jina la mwenyewe kama ngamia anavyotembea na alama yake. Ukilighani la mtu, unaanza kwa kumtaja. Mtu akilitoa bila jina, ama ni lake ama amelitorosha. Mwalimu Jelle si mwizi. Kwa hiyo ni lake.*

"Watu wake wenyewe wamesema ni lake," Afande alisema na kuvua miwani. "Nipe sababu moja ya kunizuia kesho. Moja. Ukiikosa hadi jioni, ninatia sahihi."

*

Shule ya sekondari ya wasichana ilikuwa upande wa pili wa mji. Shuaib alisimama nje ya darasa la Kidato cha Tatu, jua likimchoma kisogo, akimsubiri mwalimu wa fasihi amalize kipindi. Ubaoni palikuwa na maneno makubwa: NANI ANASEMA? Chini yake: ANASEMA NA NANI? Na chini zaidi: NINI KINATUFANYA TUSEME HIVYO?

"Kwa hiyo tukikuta 'mimi' ndani ya hadithi," mwalimu alikuwa akisema, "je, ni mwandishi?"

"Hapana, mwalimu!" darasa likaitikia.

"Tumejuaje?"

Msichana wa nyuma akainua mkono. "Kwa sababu mwalimu alisema jana."

Darasa likacheka. Mwalimu Ruweyda mwenyewe akacheka kidogo, akapangusa chaki mikononi, na akamwona polisi mlangoni. Kicheko kikamwisha.

Katika chumba cha walimu alikaa ukingoni mwa kiti. "Ni kuhusu Jelle?"

"Unamfahamu?"

"Tunatunga pamoja mtihani wa majaribio wa shule za hapa. Mimi natunga maswali ya hadithi, yeye..." Alikatiza, akanyoosha mkono. "Ndilo hilo? Naomba."

Alisoma bila kugusa mistari myekundu. Shuaib aliitazama saa yake mara mbili.

"Mwalimu, sina muda mwingi. Ninachotaka ni ndiyo au hapana. Hili ni ungamo au si ungamo?"

"Hesabu mistari."

"Nini?"

"Hesabu tu, Inspekta."

Alihesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika wa nne, aliona namba 4 pembeni. Alipofika wa nane, aliona 8. Hakuhitaji kuendelea.

"Ni namba za mistari," Ruweyda alisema. "Ili swali liweze kusema, eleza maana ya mstari wa nane. Kila karatasi ya mtihani huwa nazo."

"Nimezunguka vituo vyote vya petroli mjini kwa ajili ya namba hizi."

Ruweyda aliziba mdomo kwa pembe ya shungi. Mabega yake yalitikisika, kisha yakatulia. "Samahani."

"Usiombe samahani. Endelea."

Alivuta mtoto wa meza na kutoa karatasi zake mwenyewe. Zilikuwa nne, kila moja na kipande cha hadithi au shairi, namba pembeni, maswali chini. Shuaib alizipekua. Hapakuwa na jina la mtunzi hata kwenye moja.

"Majina yako wapi?"

"Tunayaondoa. Ni zoezi la kusoma kitu ambacho mwanafunzi hajawahi kukiona. Akikuta jina anasoma mtu, hasomi maneno. Atasema, huyu ni fulani, baba yake alikuwa hivi, kabila lake ni lile, basi shairi lina maana hii. Jelle alikuwa amefika hapa." Aliweka kidole chini ya mstari wa kumi na sita. "Maswali yangefuata ukurasa wa pili. Mlimkamata kabla."

Shuaib alimkumbuka Mzee Sugow, akiapa kwa uaminifu wote kwamba shairi lisilo na jina lazima liwe la aliyelishika. Mzee hakuwa amedanganya. Hakuwa tu amewahi kuona karatasi ya mtihani.

"Kwa nini hakutueleza haya?"

"Hakuwaeleza?"

"Alisema ni la shule. Afande akacheka."

"Basi aliwaeleza," Ruweyda alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa na makali. "Mlimuuliza ni la nani. Hamkumuuliza ni la kazi gani."

"Hiyo haitoshi. Afande atasema, basi alitia ungamo lake kwenye mtihani. Niambie linasema nini."

Ruweyda aligeuza karatasi upande wake. "Afande alianza kupiga mstari wapi?"

"Wa tano."

"Shairi linaanza wa kwanza. Soma."

Shuaib alisoma kwa sauti, akijisikia kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa:

*Chombo changu cha mti kimekauka mdomo,*
*siku ya arobaini hakijaonja maziwa.*
*Watoto wanakigonga kama ngoma ya msiba,*
*nami nakiosha, nakiosha, kama kina kitu.*

*Nilichukua kaa jekundu, likaniuma vidole,*
*nikalitia tumboni mwake, nikafunika mdomo.*
*Moshi ulipojaa nikasema, sasa kiko tayari.*
*Nani ajuaye kazi hii isipokuwa mkono wangu?*

"Simama hapo," Ruweyda alisema. "Tumbo la nani?"

Shuaib alirudi juu. "La chombo."

"Cha nini?"

"Cha maziwa." Alirudia mstari wa tano, kisha wa sita. "Ni chombo cha maziwa."

"Inspekta, kwenu nani alikuwa akifukiza vyombo?"

"Baba alikuwa polisi. Nimelelewa kwenye laini, nyumba za polisi, Nakuru, Embu. Maziwa yalikuja kwa pakiti."

"Mwanamke huosha chombo, anatia kaa la moto la mti wenye harufu nzuri, anafunika, anatikisa, moshi unakaa ndani. Maziwa hayaharibiki haraka na yanapata ladha. Kila asubuhi. Huyu anafukiza chombo ambacho hakina cha kutiwa. Ni ukame, ngamia wanakufa mbele ya maji yaliyofungwa, naye bado anafanya kazi yake ya asubuhi. Sasa niambie, nani anasema?"

"Mwanamke."

"Ndiyo."

Shuaib alisimama. Alikuwa tayari ameshika kofia yake. "Mwanamke mfugaji. Ngamia wake walikufa nje ya ua wa kisima, alikuwa na kinyongo na mlinzi. Mstari wa kumi na nne anamtishia, 'utakapoamka, utanusa moshi.' Hawawezi kuwa wengi waliofukuzwa pale Warsan. Nikienda leo..."

"Kaa chini!"

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari waliinua vichwa. Ruweyda alijitazama mikono kana kwamba si yeye aliyepaza sauti.

"Samahani," alinong'ona. "Lakini umefanya kosa lile lile. Umemtoa mwanamume ndani, unakwenda kumtia mwanamke. Anayesema ndani ya shairi si lazima awe aliyelitunga. Aliyelitunga si lazima awe ametenda. Na mstari wa kumi na tatu umeuruka. 'Sikulaani. Aliyekupa funguo hakukupa mvua.' Mtu anayekwenda kuua hasemi hivyo."

"Wengine husema."

"Labda. Ndiyo maana nasema si lazima."

"Mahakamani hakuna nafasi ya si lazima, mwalimu."

"Na darasani hakuna nafasi ya kingine."

Walitazamana. Kengele ya kipindi ililia. Shuaib aliirudisha kofia mezani.

"Basi nimsaidieje Jelle? Nina mpaka jioni."

"Mimi sijui mtunzi. Jelle hulisikia shairi la Kisomali mahali, analitafsiri. Nenda kwa wanaouza maziwa ya ngamia. Kama ni la mwanamke, lipo kwa wanawake." Alikusanya vitabu. "Lakini usilisome bila jina."

"Jina ndilo ninalolitafuta!"

"Basi jiandae kutukanwa."

*

Wauzaji wa maziwa walikaa safu mbili chini ya kivuli cha magunia, madebe ya njano mbele yao, kila mmoja na kikombe chake cha kuonjesha. Shuaib aliwasalimu kwa Kisomali, wakaitikia kwa ukarimu, mpaka alipotoa karatasi.

"Nina shairi, nataka mnisikilizie."

"La nani?" aliuliza mwanamke mnene aliyekaa mwanzoni mwa safu. Wengine walimwita Shamso.

"Ndilo ninalotaka kujua."

"Warya! Wewe kijana! Unatuletea ngamia bila alama, unatuuliza ni wa nani?"

"Polisi ameiba shairi," mwingine alisema. "Haya, nani atamkamata?"

Vicheko vilipita safu nzima. Shuaib alihisi masikio yakimwaka. Akaanza tu, akiurudisha mstari wa kwanza katika Kisomali chake cha laini za polisi, neno kwa neno.

"Wallahi, amelivunja mguu," mtu alisema.

"Amelivunja yote minne," Shamso alisema. "Nyamaza, mwanangu, kabla halijafa." Akaweka kikombe chini, akafunga macho. "Saynab Guleid alisema." Na shairi likatoka kinywani mwake kwa Kisomali, likiwa na mwendo wake, kila mstari ukiegemea uliotangulia. Wanawake wawili walilifuata kwa midomo bila sauti.

Shuaib hakuwa akimsikiliza yeye peke yake. Mwishoni mwa safu mwanamke mwembamba, wa miaka hamsini hivi, alikuwa ameanza kufunga vifuniko vya madebe yake, kimoja baada ya kingine, ingawa madebe yalikuwa yamejaa na ilikuwa bado saa saba mchana.

Alimwendea, akachuchumaa. "Eeddo Saynab?" alisema, akimwita shangazi kwa heshima.

Mkono wa mwanamke ulikuwa juu ya kifuniko cha mwisho.

"Sikuja kukukamata, eeddo. Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya shairi lako. Mwalimu Jelle."

"Yule wa nusu lita kila Ijumaa?"

"Tulilikuta kwake limeandikwa bila jina. Wakubwa wanasema ni lake, na kwamba anakiri ndani yake kumuua mlinzi wa Warsan."

Saynab alimgeukia. "Mlinzi wa Warsan? Mimi Warsan sijafika. Hilo nililitunga kwetu, upande wa Hulugho, mwaka wa njaa, ngamia wangu kumi na wanane walipokwisha. Mwenye funguo alikuwa mzee mwingine, na Mungu amemrehemu kwa malaria. Mwalimu aliniomba alifundishie. Nikasema chukua. Hakuniambia atalikata kichwa."

"Anakataa kukutaja. Siku kumi na tatu sasa."

"Kwa nini?"

Shuaib alikuwa amekwisha fungua fomu ya maelezo. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Kalamu yake ilifika kwenye nafasi ya tatu. "Kitambulisho chako, eeddo?"

Mwanamke aliyekuwa kando yake aligeuza uso. Saynab alifunga kifuniko cha mwisho.

"Kilibaki kule, pamoja na ngamia," alisema. "Nimekwenda ofisini mara tatu. Wanataka wazee watano waje kuniapia. Wazee wangu wako Hulugho, na nauli yao sina."

Basi ndiyo sababu. Mtu asiye na kitambulisho, mzaliwa wa mpakani, jina lake ndani ya faili la mauaji: hangefika hata mbele ya hakimu. Angepandishwa lori na kuvushwa mpaka. Jelle alilijua hilo. Shuaib alilijua zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewapandisha watu malori hayo.

Aliifunika kalamu. "Sikuandiki. Nitatafuta njia nyingine."

"Njia gani?"

Aligeukia safu. "Nani mwingine analijua shairi hili? Mama Shamso, unaweza kulighani mbele ya Afande bila kumtaja mwenyewe?"

Shamso alimtazama kana kwamba amemwambia avue shungi. "Bila kumtaja? Mimi ni mwizi?"

"Wewe je?" alimuuliza aliyefuata.

"Astaghfirullah."

"Kuna mtu angepona, mama! Ni jina tu!"

"Jina tu," Shamso aliwarudia wenzake. "Mmemsikia? Jina tu."

Alijaribu watu watano. Hakuna aliyekubali. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. Ilikuwa saa nane kasoro, na kila mtu aliyeweza kumwokoa Jelle angeanza kwa kumtaja Saynab.

Saynab ndiye aliyesimama kwanza. Alijifunga shungi upya.

"Nani alimwambia mwalimu anifiche?" alisema. "Mimi ni mbuzi wa wizi? Shairi langu limekaa jela siku kumi na tatu bila jina, na mtu anaitwa muuaji kwa maneno ya mdomo wangu. Andika, kijana. Andika Saynab binti Guleid."

"Eeddo, humjui Afande..."

"Andika."

Aliandika. Lakini aliandika kwa namna yake, kama mtu anayejenga kesi. Alimwomba fundi cherehani wa jirani ampishe chumba, akawaita wanawake watatu, mmoja mmoja, wengine wakisubiri mbali wasisikie. Kila mmoja alighani. Shuaib aliweka alama kwenye mstari ambao ungetofautiana. Walipokwisha, hakuwa ameweka alama hata moja. Mistari kumi na sita, neno kwa neno, na kila mmoja alikuwa ameanza kwa jina lile lile.

"Wewe ulijifunza lini?" alimuuliza Shamso.

"Wajir, kwa dada yangu. Nilikuwa na mimba ya Iftin."

"Iftin ana umri gani?"

Shamso alitoa kadi ya kliniki kutoka kwenye mfuko wa plastiki aliouvaa shingoni. Ilikuwa imekunjwa mpaka ikalegea kama kitambaa. *Machi 1993.*

"Nitairudisha," Shuaib alisema.

"Ukiipoteza, Iftin hajazaliwa."

*

Afande alisoma maelezo yote akiwa amesimama. Saynab alikuwa amekataa kiti. Alisimama karibu na mlango na debe moja la maziwa, kwa kuwa hakuwa tayari kumwachia mtu.

"Wanawake wa soko," Afande alisema. "Wamekaa pamoja, wamepanga pamoja."

"Niliwatenga, Afande. Huwezi kupanga mistari kumi na sita kwa robo saa bila kukosea neno. Na kuna kadi hii. Shamso alilijua kabla ya Machi tisini na tatu. Injini ya Warsan ililetwa mwaka huu wa tisini na saba, mwezi wa Februari, barua ya makabidhiano iko humu humu kwenye faili. Shairi lina miaka minne. Injini ilikuwa na miezi saba."

Afande alifungua faili, akaitafuta barua, akaisoma tarehe. Aliigeuza kuangalia nyuma, kana kwamba huko kungekuwa na tarehe nyingine.

"Na kaa la moto?" alimgeukia Saynab ghafla. "Wewe ndiye uliyetia kaa tumboni?"

"Ndiyo," Saynab alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi."

Shuaib alifumba macho.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Jana asubuhi. Kila siku mimi natia." Alifungua debe, akamsogezea Afande puani. "Nusa. Hii ni moto yangu."

Afande alirudisha kichwa nyuma, kisha, pole pole, akanusa. Alikaa, akachukua fomu ya maelezo ya Saynab, na kidole chake kikateremka kutoka jina hadi mahali pa kuzaliwa.

"Hapa pa kitambulisho hapajajazwa. Umekiona?"

Katika miaka kumi na moja ya kazi Shuaib hakuwa amewahi kutia uongo katika faili.

"Nimekiona, Afande. Nitajaza namba."

Kidole kilikaa pale kwa muda mrefu. Kisha kikaondoka.

"Mtoe mwalimu," Afande alisema.

Jelle alipoletwa na kumwona Saynab, aliegemea ukuta. "Mama, kwa nini umekuja?"

"Unaniuliza mimi?" Saynab alianza kwa Kisomali, na zamu nzima ikageuka kutazama. "Ulinunua maziwa yangu, ukanywa, ukasifu. Ukachukua shairi langu, ukalikata jina kama mkia wa kondoo. Halafu unakaa ndani siku kumi na tatu unajiita mwanamume! Ungeniita siku ya kwanza!"

"Wangekuvusha mpaka."

"Hilo ni langu na Mungu. Jina ni langu na wewe." Alishika debe lake. "Kuanzia leo nusu lita yako utainunua kwa Shamso."

Akatoka. Jelle alimfuata hadi barazani, akiburuza viatu, akimwita mama, mama, naye hakugeuka.

Ofisini Afande alikuwa amekwisha toa nakala ya shairi kutoka kwenye faili. Alitoa maelezo ya Mzee Sugow. Alitoa taarifa za vituo vya petroli, kurasa tisa. Faili lilikonda mpaka likabaki na vipande vitatu: barua ya injini, ripoti ya daktari, na ukurasa mmoja wa maelezo ya mjane wa Nuh, ulioandikwa siku ya pili na ambao hakuna aliyeusoma tena tangu wakati huo.

"Kibanda cha Warsan kikoje sasa?" aliuliza.

"Walishavuta mabaki ya injini wiki iliyopita, Afande, wapate nafasi ya kuweka nyingine. Mifugo inanyweshwa pale kila siku. Hakuna unyayo uliobaki."

"Majivu?"

"Yamezolewa."

Afande aliupiga ukurasa wa mjane kwa kiganja, si kwa nguvu. "Basi niambie wewe msomaji. Aliyemuua Nuh ni nani?"

"Sijui, Afande," Shuaib alisema. "Hatujaanza kumtafuta."